Jino Lisilo na Damu

Maiti ya Saleh Ramazani ilikuwa imelazwa chali kando ya njia ipandayo kijiji cha Mutonde, mikono imenyooshwa ubavuni kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Inspekta Casimir Wilondja alisimama kando yake bila kuigusa. Jua lilikuwa limeshachomoza juu ya ziwa, na inzi walikuwa wameshafika.

Casimir alikuwa polisi wa upelelezi Baraka tangu serikali ya zamani. Vita vya kwanza vilipita, vya pili vikaingia, wenye mji wakabadilika. Yeye akabaki na meza ileile na koti la sare lililong'olewa vyeo. Sasa ulikuwa mwaka 1999. Mji ulikuwa mikononi mwa Komanda Roger na askari wake, na milima yote ya nyuma ilikuwa ya wapiganaji wa Mayi-Mayi. Njia ya Mutonde ndiyo iliyozigawa pande hizo mbili. Mtu aliyekutwa amekufa hapo hakuwa maiti tu. Alikuwa sababu ya vita.

"Nani alimuona wa kwanza?" Casimir aliuliza.

"Ni mimi," alisema Vainqueur, askari mrefu mwenye cheo cha ajida, aliyeongoza doria ya alfajiri. "Tulisikia masasi huku juu. Tulikuya, tulimukuta."

"Huku juu wapi?"

"Kwa Mutonde. Kwa ba Mayi-Mayi."

Casimir alichuchumaa. Risasi ilikuwa imeingia kifuani na kutokea mgongoni, na upande mzima wa kanzu ulikuwa umelowa damu, ikakauka ikawa ngumu kama ngozi. Aliinua bega la marehemu akatazama chini yake. Majani yalikuwa makavu. Hapakuwa na tone la damu, wala udongo haukuwa na doa. Aligeuza kichwa cha marehemu polepole. Ndani ya sikio kulikuwa na mchanga mweupe, na katika mchanga ule kulikuwa na magamba madogo ya konokono wa majini. Udongo wa njia ile ni mwekundu, wa mfinyanzi. Mchanga wa namna ile huupati mpaka ushuke ziwani. Saleh hakuwa na viatu, na katikati ya vidole vya miguu kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya matete yaliyooza.

"Uangalie na mufuko," Vainqueur alisema.

"Juu ya nini?"

"Nasema tu. Uangalie."

Mfuko wa kanzu ulikuwa upande wa jeraha, umegandamana kwa damu, ikabidi Casimir aupasue kwa vidole ili ufunguke. Ndani yake mlikuwa na kipande cha jino, kirefu kama kiganja, kilichopinda kidogo, mwisho mmoja umekatwa kwa msumeno. Alikigeuza huku, akakigeuza kule. Kilikuwa cheupe, safi, kikavu. Nguo iliyokizunguka ilikuwa imekunywa damu hadi ikashiba, lakini jino lenyewe halikuwa na hata alama.

Alimtazama Vainqueur. Vainqueur alikuwa anatazama ziwa.

Ofisi ya Komanda Roger ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbilia Kigoma. Roger alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, mpenda chai yenye sukari nyingi. Hakuwa mtu wa kufoka. Watu wa Baraka walikuwa wamejifunza kuiogopa sauti ile ya chini kuliko kelele za askari wake wote.

"Kaa, Inspekta. Ile kitu mulikuta ni nini?"

"Jino, komanda."

"Jino ya tembo. Tembo anaishi wapi?"

"Porini."

"Na pori iko wapi?"

Roger alinyoosha kidole gumba nyuma ya bega lake, kuelekea milimani.

"Basi umeshamaliza kazi. Saleh alikuwa anafanya biashara na bale ba kule juu. Balimunyanganya, balimuua, kipande moja ilibakia mufukoni. Uandike vile. Kesho muchana utasoma kwa fonia, kisha tutapanda Mutonde."

Fonia ilikuwa ile redio ya kuongea na Uvira. Mwaka uliotangulia vijiji vilichomwa, redio za nchi za nje zikapiga kelele, na tangu hapo wakubwa wa Uvira wakaweka sharti: kabla ya kupanda kijiji chochote, P.V. ya polisi, yaani taarifa ya uchunguzi, isomwe kwanza, ili pawe na karatasi ya kuonyesha. Sharti lenyewe halikumzuia mtu. Liliongeza saini tu, na saini ilikuwa ya Casimir.

"Mutonde iko na batu wengi, komanda. Bamama na batoto."

"Njo maana nataka karatasi yako ikuwe safi."

"Na hii jino nibaki nayo? Ni kielelezo."

Roger alikoroga chai yake. "Kamata. Jino ni jino."

Saleh alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa pwani. Casimir aliwasubiri wanaume warudi kutoka makaburini, ndipo akaomba kuongea na mjane. Zubeda alitoka akasimama mlangoni, kitambaa kimeteremshwa mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja umeshika mwimo.

"Pole, mama Zubeda."

"Asante, baba."

"Bwana yako alitoka hapa lini?"

"Jana asubui. Basoda ba komanda balimuita na mutumbwi yake. Na juzi balikuwa bamemuita vilevile."

"Kwenda wapi?"

Alitazama uani kwanza. "Kwa Mutambala. Pale muto inaingia mu ziwa."

"Kubeba nini?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

"Sikuiona, baba. Juzi balitaka kumulipa na ile nyama, akakatala. Alisema haikuchinjwa, iliuliwa na bunduki, nitapeleka mu nyumba yangu namna gani? Akarudi mikono mitupu. Jana balimuita tena. Alisema kuna mutu anatoka ng'ambo, wa kununua vitu. Hakurudi."

"Batu banasema alikuwa anauza meno ya tembo. Alikuwa anapanda kule juu."

Zubeda alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. "Saleh? Saleh hakupanda mulima ata moja. Miguu yake ilikuwa ya mutumbwi." Kisha akamkazia macho. "Utaandika nini?"

"Sijue bado."

"Utaandika vile banataka."

Casimir aliaga. Alitembea hadi ufukoni akasimama penye mitumbwi iliyopinduliwa, akayapanga aliyokuwa nayo. Mwili ulibebwa kutoka majini hadi mlimani. Jino lilitiwa mfukoni baada ya damu kukauka. Mtu aliyelitia ndiye aliyetaka lionekane. Yote hayo aliyajua, na hakuna hata moja aliloweza kulisoma kwenye fonia, kwa kuwa wangemwuliza nani alisema Saleh alikuwa Mutambala, na jibu lilikuwa Zubeda. Akilitaja jina lile mchana, mama huyo angemfuata mumewe kabla jua halijazama. Alihitaji shahidi asiyeweza kupigwa risasi.

Alitia mkono mfukoni akalishika jino.

Pulchérie alikuwa amefundisha biolojia kwenye sekondari ya mji kwa miaka mingi, hadi askari walipoigeuza shule kambi na madawati kuni. Sasa alikuwa anatwanga muhogo na kuuza unga mbele ya nyumba yake. Casimir alimkuta anachekecha, mikono myeupe hadi viwikoni. Hakueleza mengi. Alilitoa jino akaliweka juu ya ungo.

"Nani anasema ni la nini?" Pulchérie aliuliza.

"Komanda anasema ni la tembo."

"Na wewe?"

"Mi sijue. Njo nimekuya."

Alilichukua, akalipima uzito mkononi. Alipitisha ukucha upande wa nje wa jino, kisha upande wa ndani, uso wake ukaanza kubadilika, ukarudi kuwa uso wa mwalimu aliyeona jibu lisilo sahihi ubaoni.

"Ingia ndani," alisema.

Ndani alikwangua masizi chini ya sufuria, akayapaka pale jino lilipokatwa kwa msumeno, kisha akapangusa kwa kitambaa chenye maji. Masizi yalibaki katika mikwaruzo ya asili ya jino, yakaichora.

"Unaona nini?"

"Duara ndani ya duara. Kama kitunguu."

"Jino la tembo ukilikata lina mistari inayokatana, kama nyuzi za wavu. Hata mtoto angeona. Funga dirisha."

Casimir alifunga dirisha na mlango. Chumba kikawa na giza. Pulchérie alichukua tupa ya kunolea jembe, akaligonga jino kwa nguvu upande wa nje. Cheche iliruka, ndogo, ya manjano. Akagonga tena, ikaruka nyingine.

"Hiyo ngozi ya nje ni ngumu kama jiwe la kiberiti. Tembo hana ngozi hiyo kwenye jino lake. Fungua. Hili ni la kiboko, Inspekta. Chonge la chini. Na liling'olewa juzijuzi, linuse hapa."

Casimir alikuwa ameshalinusa asubuhi ile. Alikaa kwenye kigoda, akatoa karatasi.

"Unielezee yote," alisema. "Polepole. Kesho nitasoma mbele ya batu hawataki kusikia."

"Watu wanaona ukubwa," Pulchérie alianza, "wanaona ngozi isiyo na manyoya, wanasema hawa ni ndugu. Si ndugu. Wote wananyonyesha, mpaka hapo wako pamoja, kama vile wewe na popo muko pamoja. Baada ya hapo kila mmoja ana njia yake. Tembo ni wa kundi la wenye mkonga, na katika kundi hilo amebaki peke yake. Ukimtafutia jamaa utampata pimbi, kale kanyama kanakokaa kwenye mawe. Kiboko yuko na wanyama wenye kwato zilizogawanyika. Vitabu vyangu, kabla askari hawajaviwasha, vilimweka jirani na nguruwe."

"Na meno?"

"Hata meno hayalingani. Lile refu la tembo ni jino la mbele, la kukatia, limekua mpaka likatoka nje. Hili ni chonge, kama hilo lako hapo pembeni. Fundi wa kuchonga akilishika hawezi kudanganyika. Anadanganyika yule mwenye haraka ya kununua."

Casimir aliandika. "Sasa makao yao. Kila mmoja anaishi wapi?"

"Tembo wa huku ni wa msituni. Matunda, magome, majani. Anashuka kunywa maji, anaondoka. Kiboko hawezi kukaa mbali na maji hata akitaka. Jua la mchana likimkuta nchi kavu ngozi yake inapasuka. Anatoka jioni kula majani, kukipambazuka ameshazama tena. Hawezi kupanda Mutonde. Ukimkuta Mutonde, jua kuna mtu alimbeba."

Casimir aliinua kalamu. Alikumbuka mchanga ndani ya sikio la Saleh.

"Wamebaki wangapi?"

"Tembo? Kule juu ya Mutonde hakuna. Nilipokuwa mwanafunzi tulipanda na profesa wetu kutafuta hata mavi yake, tukarudi bure. Waliliwa tangu vita vya zamani, vya sitini na nne. Waliobaki wako mbali kabisa, ndani ya Itombwe, na kila bunduki inayopita inawapunguza. Biashara ya meno yake imefungwa dunia nzima, ndiyo maana meno hayo yanatafutwa. Kiboko amelindwa nusunusu; jino lake linaweza kupita ukiwa na kibali. Basi mwizi anafanya nini? Anauza la huyu kwa jina la yule."

"Na viboko wenyewe wako wapi sasa?"

"Zamani ziwa lote hili. Baba yangu alikuwa anapiga debe usiku kuwafukuza shambani. Sasa, kutoka hapa mpaka Nundu, wamebaki mahali pamoja. Kama wamebaki."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Nataka niandike vile umesema."

Pulchérie alifuta masizi vidoleni. "Mlango wa Mutambala. Kwenye matete."

"Nani anafika pale?"

"Askari. Tangu waweke posti yao ya ulinzi, hata bamama wa kukata matete wanarudishwa kwa bunduki." Alimrudishia jino. "Jina langu usiliandike."

"Sitaliandika."

"Na lako?"

"Langu liko chini ya karatasi kila siku," Casimir alisema, akaondoka.

Kesho yake mchana chumba cha fonia kilikuwa na joto la tanuri. Mwendesha mitambo alikuwa amevaa visikizio shingoni na anageuza kitufe, akitafuta Uvira katika ngurumo za hewani. Nje, askari waliokuwa wapande Mutonde walikaa kivulini na bunduki zao. Baadhi yao walikuwa wamebeba madumu ya petroli.

Roger aliichukua P.V., akaitazama. Mwandiko wa Casimir ulikuwa unajulikana mji mzima kwa ubaya wake. Makarani wa mahakama walikuwa wanausoma kama watu wanaofumua uzi uliotatana. Roger alirudisha karatasi.

"Utasoma mwenyewe. Usirefushe."

"Uvira iko," alisema mwendesha mitambo.

Sauti ya kanali wa Uvira ilitoka kwenye spika, imechoka, ya mtu aliyekuwa anakula. "Soma."

Casimir alisoma. Alianza na mahali, hali ya mwili, jeraha. Alisoma kwamba chini ya mwili hapakuwa na damu, kwa hiyo marehemu hakuuawa pale alipokutwa. Roger aliacha kujipepea kwa kofia yake. Casimir alisoma juu ya mchanga na magamba ya konokono, na juu ya jino kavu ndani ya mfuko uliolowa. Hakuharakisha. Alisoma kwamba jino, baada ya kuchunguzwa, lina duara ndani ya duara na ngozi ngumu inayotoa cheche. Kwamba kwa dalili hizo si la tembo, mnyama wa msitu ambaye hayupo tena katika milima ya Mutonde. Kwamba ni la kiboko, mnyama wa jamii nyingine kabisa, asiyeweza kuishi nje ya maji.

"Simama," ilisema spika. "Rudilia. La nini?"

"La kiboko, mukubwa."

Mkono wa Roger ulikuwa umeteremka hadi kwenye mkanda, ukakaa juu ya bastola. Haukufungua kifuko chake. Uvira ilikuwa inasikiliza.

"Viboko biko wapi?"

"Kufuatana na uchunguzi, ni mahali pamoja tu, mukubwa. Mulango wa Mutambala."

"Nani yuko na posti pale?"

Casimir alikunja karatasi. Swali hilo halikuwa la polisi. Ngurumo za hewani ziliendelea hadi mwendesha mitambo akainamisha kichwa.

"Ni posti yetu, mukubwa," Roger alisema.

Kisha sauti ikarudi, na sasa ilikuwa macho kabisa, imeacha kutafuna.

"Roger. Na meno ingine biko wapi?"

Kanali hakuuliza jina la marehemu. Hakuuliza kama ameacha watoto. Aliuliza meno ni mengi kiasi gani, yamekaa wapi, na kwa nini Uvira haikuambiwa. Roger alijibu kwa heshima, swali baada ya swali, jasho likimtiririka sikioni.

"Kupanda Mutonde inasimama," kanali alisema mwishoni. "Nataka meno yote hapa, na ule mutu alifanya hii mambo. Muzima."

Fonia ilizimwa. Roger alivaa kofia yake, akairekebisha.

"Umesoma muzuri, Inspekta," alisema kwa ile sauti ya chini. Alitoka nje, akaita: "Vainqueur! Vua mukanda."

Walimfungia Ajida Vainqueur katika stoo ya chumvi nyuma ya ofisi. Casimir aliomba kumhoji kabla hajapelekwa Uvira, na mlinzi, ambaye hakuwa ameambiwa vingine, alimfungulia. Vainqueur alikuwa amekaa sakafuni, viatu havina kamba. Urefu wake haukuonekana tena.

"Ulimupiga Saleh risasi?"

"Mi sikupiga. Mi nilimubeba tu."

"Nani alipiga?"

Vainqueur alitazama mlango.

"Banakupeleka Uvira," Casimir alisema. "Hapa hakuna wa kumuficha tena."

"Ule mununuzi alikuya na mashua," Vainqueur alianza. "Meno ilikuwa imepangwa juu ya turubai. Komanda akamuambia ni ya tembo. Ule mutu hakuwa na hakika. Akageukia Saleh, juu anamujua, ni mutu wa ziwa, akamuuliza: ni kweli? Saleh akacheka. Akakamata musumeno, akakata moja, akamuonyesha ndani. Alisema, ndugu yangu, hii ni kiboko, usipoteze mali yako."

"Halafu?"

"Mununuzi akarudia mashua yake. Komanda alibakia pale. Alingoja ile mashua ikuwe mbali. Saleh alikuwa anafungua kamba ya mutumbwi, mugongo wake... hapana, aligeuka. Aligeuka, akapigwa hapa." Alijigusa kifuani. "Akaangukia mu matete. Komanda akasema tumupeleke kwa njia ya Mutonde, na ile kipande tumuwekee mufukoni."

"Na weye ulijua si ya tembo."

"Sisi bote tulijua, Inspekta. Tulikula ile nyama."

"Utasema vile mbele ya kanali?"

"Kama nitafika."

Casimir alikuwa hajamaliza kuandika mstari wa kwanza mlango ulipofunguliwa. Askari wawili walimwinua Vainqueur kwa kwapa. Gari liko tayari, walisema. Casimir alitoka nyuma yao na kalamu mkononi. Gari lilipita sokoni, na lilipofika penye njia panda halikushika barabara ya Uvira. Lilikata kuelekea ziwani. Wauza dagaa waliokuwa wanaanika walisimama kulitazama, kisha wakainama tena. Baadaye milio ilisikika, mifupi, na kundi la ndege weupe likaruka kutoka kwenye matete.

Roger alirudi na tope kwenye viatu.

"Alitaka kukimbia. Andika: alikiri, alikimbia, akapigwa."

"Hakukiri, komanda."

Roger alimtazama bila hasira. Kupitia dirishani askari waliokuwa waende Mutonde walikuwa bado kivulini, na madumu yalikuwa bado pembeni mwao.

"Weye mwenyewe ulisema. Mutonde iko na batu wengi."

Casimir aliketi. Aliandika kwamba Ajida Vainqueur alikiri, alikimbia, akapigwa. Safari hii aliandika mwandiko unaosomeka. Alitia saini, Roger akapuliza wino ili ukauke, na nje mtu akaamriwa kurudisha petroli ghalani.

Nyumbani kwa Zubeda matanga yalikuwa yanaendelea. Bamama wa mtaa walikuwa wanapika uani, moshi umetanda, watu wanaingia na kutoka. Nje ya ua, upande wa barabara, askari wawili walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Zubeda alikuwa mkekani, na kando yake kikongwe mwembamba aliyejifunga kanga mbili. Huyo alikuwa mama yake Saleh, aliyefika siku ile kutoka Swima kwa mtumbwi, akakuta mwana ameshazikwa.

Casimir aliinama karibu na sikio la Zubeda. "Mutonde haitachomwa. Ajida Vainqueur amekufa. Karatasi inasema ni yeye aliua bwana yako."

"Na weye unasema nini?"

Alimwambia jina, kwa pumzi tu. Zubeda hakutikisika. Alilipokea kama mtu anayepewa mzigo aliokuwa ameshaukadiria.

"Anasema nini?" kikongwe aliuliza. Alinyoosha mkono akaushika mkono wa koti la Casimir. "Weye njo polisi? Nani aliniulia mutoto?"

Casimir alimtazama Zubeda.

"Mama hasikie muzuri," Zubeda alisema. "Inabidi sauti. Muambie weye. Mi siwezi kumuambia uongo, na karatasi hajue kusoma."

Upande wa pili wa ua askari mmoja alikuwa anacheka jambo fulani. Casimir alipiga magoti mkekani, uso wake ukawa sawa na uso wa kikongwe.

"Ni Roger," alisema.

"Nani?"

"Komanda Roger!"

Mwiko uliokuwa unasonga bugali ulisimama. Maongezi ya uani yakakatika moja baada ya jingine. Kule nje kicheko kiliisha, na askari aliyekuwa anacheka akageuka, gunzi limesimama mbele ya mdomo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakusikia.

Kikongwe aliliachia koti. Alitikisa kichwa polepole, midomo ikilirudia jina lile bila sauti, ili lisimtoke.

"Asante, baba," alisema. "Sasa kaa. Bakupe chakula."

Casimir alivua viatu vyake, akaviweka pembeni ya mkeka, akakaa, akanyoosha mikono ili anawishwe.